Bi Ndimu Yuko Sebuleni

Kama ulikuwa safarini wiki iliyopita, keti nikupashe kwa pumzi moja. Mzee Flashi, mpiga picha za pasipoti, alifungua mlango kuwapokea wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yake wa pekee. Akamwona mama wa kijana. Mbele yake, na mkoba wake kwapani, alikuwa amesimama Bi Ndimu!

Ndiyo, Bi Ndimu yule yule wa video za kwenye simu. Mama mkwe mwenye gubu anayempimia mke wa mwanawe sukari kwa kijiko, anayehesabu vitunguu kabla ya kulala na baada ya kuamka. Mtu ambaye hakuzaliwa na mwanamke yeyote. Katungwa na mashine.

Na mashine hiyo ilipangwa na nani? Na Mzee Flashi mwenyewe!

"Ka-karibuni," alisema, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta.

"Asante." Mama yule alimtazama kutoka utosini hadi kwenye ndara. "Ngoja kwanza. Wewe si ndiye uliyenipiga picha ukanipa ya mtu mwingine?"

Mzee Flashi alikumbuka yote. Mama huyu alipata kuja studio kupiga picha ya pasipoti. Akakaa kwenye kile kigoda mbele ya shuka jeupe, akaambiwa asitabasamu, akatii kupita kiasi. Alipopewa picha aliitazama, akaisukuma kwenye kaunta kwa ncha ya kidole.

"Huyu si mimi," alisema.

"Mama, ni wewe. Hata kitambaa ni hicho hicho ulichovaa."

"Baba, sura yangu naijua, nakaa nayo. Huyu ana hasira. Mimi sina." Akaondoka. Picha ikabaki, ikaingia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuso nyingine zilizokosa wenyewe.

Basi siku zikapita. Watu wakawa na kamera mifukoni, kigoda kikaota vumbi, na Mzee Flashi akagundua programu ya akili bandia. Unaiambia wahusika ni kina nani, tabia zao zipi, irushe saa ngapi. Baada ya hapo inatunga hadithi yenyewe, inachora yenyewe, inasema yenyewe, na kila siku saa kumi jioni inarusha kipande kipya huku wewe umejilaza unakoroma. Ilimtaka jambo moja tu: sura ya mtu mbaya.

Mzee Flashi akafungua kopo. Akajiambia, mwenyewe amekataa kwamba ni yeye. Basi ni ya nani? Si ya mtu! Akaipakia.

Mkewe hakuambiwa. Mkewe anaamini picha ya mteja ni amana, na isitoshe ana simu ya vibonyezo inayopokea salamu na ujumbe tu. Video angeziona wapi? Binti naye, kazi ya zamu hospitalini haimwachii nafasi ya kutazama hata kioo.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Haya, tuingie ndani.

Wageni walikaa. Mama yule ni mkaguzi wa mizani masokoni, na wauza nyama wote humwita Mama Mizani. Wanasema akitokea tu kwenye kona, kilo hurudi kuwa kilo. Alipopewa kikombe cha chai alikishika kwanza mkononi kidogo, kama anayetaka kujua kina uzito gani, ndipo akanywa. Mumewe, Mzee Kimya, aliketi pembeni akitazama vidole vya miguu yake.

"Tumekuja kwa heri," Mama Mizani akaanza. "Lakini niseme ukweli, mimi mambo ya harakaharaka siyataki. Nitaitazama nyumba, nitamtazama binti, ndipo nitasema neno."

"Tazama, mama, jisikie uko kwako," mke wa Mzee Flashi akasema, amevaa kilemba kipya, anang'aa kwa furaha.

Mzee Flashi alitupia jicho saa ya ukutani. Saa kumi ilikuwa inanyemelea. Na kipande cha leo alikijua, maana juzi aliiambia mashine kwamba mada ya wiki iwe uchumba. Kinaitwa *Bi Ndimu Aenda Kuposa*. Ndani yake Bi Ndimu anaingia kwa watu, anafunua mapazia kutafuta vumbi, kisha anamwambia bibi harusi afungue kinywa ahesabu meno!

Mtu mmoja tu akimwonyesha mama huyu kile kipande, posa imekufa, na binti atalia hadi macho yavimbe.

"Samahani," akanyanyuka. "Tumbo."

"Sasa hivi?" mkewe akamnong'oneza.

"Tumbo halina ratiba, mke wangu."

Akajifungia chooni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu. Ndipo alipokumbuka: miwani! Mkewe alimvua asubuhi ile na kuificha kabatini, eti asiwaaibishe mbele ya wakwe kwa miwani iliyofungwa uzi. Akaiweka simu mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena mbali mpaka mkono ukagonga bomba.

MIPANGILIO. Akabonyeza. SITISHA MFULULIZO. Akabonyeza hata kabla hajamaliza kusoma.

*Kwa usalama wako, tumetuma namba ya siri kwenye simu uliyosajili.*

Simu aliyosajili! Mzee Flashi akajipiga kofi la paji. Ili asisumbuliwe na matangazo, siku ile alisajili namba ya mkewe.

Huko sebuleni simu ya vibonyezo ikalia kama kifaranga.

"Baba watoto!" mkewe akapaza sauti. "Simu yangu imeletewa tarakimu!"

"Nisomee!"

"Inasema nisimwambie mtu yeyote!"

"Niambie mimi!"

"Imesema yeyote!"

"Usimwambie, mwenzangu," sauti ya Mama Mizani ikaingia, nzito kama jiwe la kilo tano. "Matapeli huanza hivyo hivyo. Na huyo bwana anatakia nini tarakimu chooni?"

"Hata mimi nashangaa."

"Futa."

"Nimefuta."

*Muda wa namba ya siri umekwisha*, mashine ikasema.

Mzee Flashi akang'ata mkono wa shati ili asipige kelele. Haya, njia nyingine. Mwache Bi Ndimu arushwe, ila asiwe na uso ule! Akafungua WAHUSIKA, kisha SURA, kisha BADILISHA. Picha za simu yake zikajipanga mbele yake kama mbegu za papai, ndogo, za ukungu ukungu. Akatafuta ile ya sanamu ya duka la nywele za bandia, jirani na studio yake. Sanamu haina ndugu, haina mwana wa kuozesha, haitamdai mtu. Akaona kichwa cha mviringo chenye kitu juu yake. Hicho! Akabonyeza.

*Sura mpya imepokelewa.*

"Alhamdulillahi."

*Mabadiliko yatahusu vipande vipya tu. Vilivyokwisha kutengenezwa vitarushwa kama vilivyo.*

"We mashine una wazimu?" akaifokea kwa kunong'ona. "Nataka cha leo! Leo! Cha kesho nitakula nacho nini?"

Mashine haijui kugombana. Ndiyo maana inauma. Binadamu ukimfokea atakujibu, roho itatua. Hii inakungoja tu, na kile kiduara kinazunguka.

Akashuka chini kabisa ya ukurasa. Huko, kwa herufi za sisimizi, paliandikwa: *Tengeneza upya mfululizo mzima?* NDIYO!

*Itachukua muda. Unaweza kuendelea na shughuli zako.*

"Shughuli zangu ziko sebuleni zinakunywa chai!"

Akaona heri apunguze na ukali. Kulikuwa na kitufe cha kusogeza, kutoka MPOLE hadi MKALI, nacho kilikuwa kimebanwa mwisho kabisa wa mkali. Akakivuta. Kikarudi. Akakivuta tena, akakishikilia kwa dole gumba. Alipoachia, kikarudi kama mbuzi anayejua zizi lake.

*Ukali hutegemea aina ya hadithi. Badilisha kwanza aina ya hadithi.*

Akaenda kwenye aina ya hadithi.

*Aina ya hadithi haibadilishwi wakati mfululizo unatengenezwa upya.*

Akarudi kusimamisha utengenezaji.

*Kwa usalama wako, tumetuma namba ya siri...*

"Baba watoto! Hao matapeli wamerudi!"

"Futa!" Mama Mizani akaamuru.

Mzee Flashi alikuwa karibu kuitumbukiza simu mahali ambapo simu haitolewi. Mara mlango ukagongwa, taratibu.

Akafungua. Alikuwa Mzee Kimya. Yule bwana akaitazama simu, akamtazama mwenyeji wake, kisha akaingia, akaufunga mlango nyuma yake. Watu wazima wawili, choo kimoja.

"Kumbe ni wewe," Mzee Kimya akasema.

"Mimi nini?"

"Bwana, usinichezee. Bi Ndimu ni wako."

Mzee Flashi akahisi jasho linashuka mgongoni kama mjusi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu kipande cha kwanza. Naamka na uso ule kila siku, nitaupoteaje? Nilikuwa sijui tu nani kauweka. Leo nikamsikia mke wangu akikuambia habari ya picha, nikaunga moja na moja."

"Ndugu yangu, nisamehe. Niko hapa nauondoa, wallahi..."

"Uuondoe?" Mzee Kimya akamshika kiwiko, na kwa mtu mpole mkono wake ulikuwa wa chuma. "Hebu nisikilize. Kwangu kopo la sukari lilikuwa na kufuli. Mke wa mwanangu wa kwanza alikunywa chai chungu mpaka akahama. Siku moja Bi Ndimu wako akafunga sukari kwa kufuli. Mke wangu akaruka kwenye kochi: 'Ona mwanamke huyu asivyo na haya!' Asubuhi nikaenda jikoni. Kufuli hakuna."

"Hajijui?"

"Anasema ni dada yangu yule. Na tena, hii posa ya leo alishaikataa! Binti yenu alikwishakataliwa, hamjui tu. Ndipo kwenye video Bi Ndimu akamfukuza mchumba wa mwanawe, na huyo mwana akaondoka nyumbani moja kwa moja. Ule mwisho anapokula peke yake kwenye meza yenye sahani tatu, mke wangu alilia mpaka nikamletea taulo. Akasema, sitaki kufa kama huyu, twende tukapose." Akashusha pumzi. "Bwana, uso ule usiuguse hata kwa unyoya."

"Nimeshaugusa."

"Urudishe!"

Mzee Flashi akapapasa simu. RUDISHA SURA YA MWANZO. Bonyeza.

*Ombi lako limepokelewa. Liko kwenye foleni.*

"Foleni!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Jamani, mmefia huko?" Mama Mizani akaita kutoka sebuleni. "Saa kumi hiyo! Posa isubiri kidogo, njooni tutazame Bi Ndimu!"

Walitoka wakiongozana kama watuhumiwa. Mama Mizani alikuwa amesimamisha simu yake mezani, ameiegemeza kwenye bakuli la sukari. Alikuwa amejaa furaha kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

"Mwenzangu hujawahi kumwona?" alimuuliza mke wa Mzee Flashi. "Kaa hapa karibu. Utacheka mpaka ushike mbavu. Ni wifi yangu mtupu! Uso ule ule, umekunjwa kama kitambaa kilichokosa pasi. Na mwenyewe akitazama hajijui. Nyani haoni kundule!"

Mzee Kimya akakohoa. Akapewa maji.

Muziki ukalia. Mlango ukafunguka kwenye kioo cha simu, pazia likafunuliwa, vumbi likatafutwa. Sauti ya Bi Ndimu ikatoka ile ile: "Binti, fungua kinywa nihesabu!" Kisha Bi Ndimu akageuka kuwatazama watazamaji.

Haikuwa sura ya sanamu ya duka la nywele.

Ilikuwa sura ya mke wa Mzee Flashi, na kilemba chake kipya, kama alivyopigwa picha asubuhi ile ile kujaribu kinampendeza.

Sahani ya biskuti ilimponyoka mwenye sura. "Mimi?!"

Mama Mizani alitazama simu. Akamtazama mwenyeji wake. Akatazama simu. Furaha ikamtoka usoni kama maji yanayonyonywa na mchanga.

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe huyu mwigizaji wamemtoa, wameleta mwenye tabia mwenyewe! Kumbe mimi namleta mwanangu kwa Bi Ndimu!"

"Mama, sijui lolote, naapa..."

"Huyo hapo anahesabu meno ya watoto wa watu! Nimemwona kwa macho yangu." Akachukua mkoba. "Baba nanii, nyanyuka. Binti wa Bi Ndimu haingii kwangu. Tabia ya mama huipati dukani, unanyonya."

Pazia la jikoni likasogea. Binti akatokea, trei mkononi, macho yamejaa maji lakini hayajamwagika. Hakumtazama mama mkwe. Alimtazama baba yake, maana watoto wa kike wanawajua baba zao.

"Baba," akasema. "Umefanya nini?"

Msomaji wangu, hebu vaa ndara za mzee huyu. Akinyamaza, mkewe ndiye Bi Ndimu na posa imekufa. Akisema sura ya mkewe imeingia leo kwa bahati mbaya, ataulizwa ya mwanzo ilikuwa ya nani, na posa imekufa vilevile. Kushoto shimo, kulia shimo, nyuma choo.

Mzee Kimya alikuwa anamtikisia kichwa: usiseme, usiseme.

Mzee Flashi akamtazama binti yake. Trei ilikuwa inatetemeka mpaka vijiko vinalia.

"Mama Mizani, kaa," akasema. "Mke wangu hana kosa. Bi Ndimu namtengeneza mimi. Mke wangu nimemtia leo, muda huu, chooni, bila miwani, nilidhani ni sanamu."

"Sanamu!" mkewe akapiga ukelele. "Mimi na wewe tutaonana wageni wakiondoka!"

"Tutaonana, mke wangu. Lakini huyo siye Bi Ndimu."

Mama Mizani hakukaa. Hakuondoka pia. Alisimama kati ya kochi na mlango, na kila mtu sebuleni akauona mzani ukipanda na kushuka kichwani mwake.

"Unamtengeneza wewe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na huyu umemtia leo."

"Ndiyo."

"Basi yule wa siku zote," sauti yake ikapungua, "yule wa kufuli. Yule wa sahani tatu. Uso wake uliutoa wapi?"

Mzee Flashi akapapasa pua kutafuta miwani isiyokuwepo.

"Wewe mpiga picha." Akapiga hatua moja kurudi mezani. "Ile picha yangu niliyoikataa. Uliipeleka wapi?"

Kabla hajajibiwa, simu iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari ikatoa mlio. Sauti ya Bi Ndimu ikakatika katikati ya neno. Maandishi meupe yakapita: *Sura ya mwanzo imerudishwa. Kipande kinaanza upya.*

Foleni ilikuwa imesogea!

Kioo kikazimika, kikawa cheusi tii. Mama Mizani akainama kukitazama, na katika weusi ule akajiona mwenyewe: kitambaa, paji, nyusi zilizokutana, mdomo uliokazwa kama mfuko wa kamba.

Kioo kikawaka. Pazia, mlango, muziki. Lakini ule uso haukuondoka. Ulibaki pale pale, nyusi zile zile, mdomo ule ule, ukimtazama.

Vijiko kwenye trei vilinyamaza.

Mama Mizani akanyoosha ncha ya kidole, kile kile alichosukumia picha kwenye kaunta, akakigusisha kwenye kioo.

"Huyu..." akasema.